Shukrani Kabla ya Ndege Kusimama

Makomeno, Lubumbashi
Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza na goti lako, kwa sababu najua ukiulizwa hali utajibu "salama" hata ukiwa umelala chali. Je, siku hizi unaweza kurukuu bila kushika ukuta? Na ile dawa ya kuchua niliyokutumia, umeitumia wewe au umempa jirani? Zuhura aliniambia jirani sasa anatembea vizuri sana.

Mimi mzima. Nalisema hili mapema ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Sina jeraha wala mchubuko, nimekunywa chai ya tangawizi, na nimekaa barazani kwa mama mwenye nyumba nikiota jua, maana huku msimu huu wa kiangazi asubuhi ni baridi hadi vidole vinakataa kalamu.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu yako, Mama, huwa umeiweka spika. Kila nikipiga nasalimiwa na watu saba kabla hujanisalimu wewe, na nikikohoa Ujiji nzima inaniletea pole. Na nina neno ambalo nataka ulisikie peke yako kwanza. Zuhura ameniandikia kwamba maulidi ya kushukuru mimi kuajiriwa urubani umeshayapanga, mchele umeshanunuliwa na mwalimu wa madrasa ameshaalikwa. Basi barua hii naikabidhi kwa jirani yetu mmoja wa huku, mfanyabiashara wa vitenge anayepitia Kalemie kuvuka ziwa, nikiomba ifike kabla hujawasha jiko. Zuhura mdogo wangu, kama ni wewe unayemsomea Mama kwa ajili ya miwani yake, funga mlango wa uani. Na usiruke mistari, nakujua.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki tano zilizopita nilikuwa natua na ndege ikanigeuka. Haikuanguka wala haikuwaka moto. Iligeuka ikiwa chini, juu ya udongo, mpaka pua ikatazama kule tulikotoka.

Nikueleze tangu mwanzo. Kampuni iliyonichukua ni ndogo. Inapeleka dawa, vipuri na watu kwenye viwanja vya porini, vifupi na vyenye mawe. Ndege nilizozoea nyumbani zina gurudumu la tatu mbele, chini ya pua. Hizi za huku gurudumu lake dogo liko mkiani, kwa hiyo zikisimama zinainua pua juu, na propela inakaa mbali na mawe. Porini zinafaa sana. Tabu yake ni kutua. Uzito wake mkubwa uko nyuma ya magurudumu makubwa, na ndege ikishagusa ardhi ule uzito wa nyuma unatamani kupita mbele. Rubani anauzuia kwa miguu, akikanyaga pedali mbili zinazogeuza usukani wa mkia. Mtu wa ndege za gurudumu la mbele, kama mimi, miguu yake imezoea uvivu. Ndiyo maana mkataba wangu hautiwi saini mpaka nimalize mafunzo haya na kupimwa. Nadhani hapo kwenye "mpaka" simu ilikatika, ukasikia tu nimeajiriwa.

Mwalimu wangu anaitwa Kapiteni Ilunga. Ni mzee mfupi wa mtaa wa Katuba hapa mjini, amerusha ndege hizi tangu mimi sijui kuandika, na kofia yake haivui ila kanisani. Amebakiwa na miezi michache astaafu. Ananiita Mama, kama huku wanavyomwita kila mwanamke, na Kiswahili changu kinamchekesha. Nikisema "tafadhali" anatazama nyuma kuona kama kuna mgeni wa heshima ameingia.

Siku ya kwanza hakunipandisha ndegeni. Alinipeleka kando ya barabara ya kwenda Kambove, karibu na kiwanja cha udongo tunachofanyia mazoezi, tukasimama kutazama wanaume wanaoleta makaa mjini, makala kama wanavyoyaita huku. Mtu anapakia magunia juu ya baiskeli, mengi nyuma, yamempita kimo, kisha anaisukuma kwa miguu kutwa nzima, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti. Hawezi kuipanda. Anaisukuma na kuizuia kwa wakati mmoja.

"Angalia ile kinga," Kapiteni akaniambia. Kinga ndiyo baiskeli. "Muzigo yote iko nyuma. Akiiacha kidogo tu, nyuma inataka kupita mbele. Avion yetu iko vile-vile. Miguu itumike kidogo-kidogo, kila saa, mpaka isimame. Usingojee igeuke njo uanze kuirudisha. Ukingojea, umechelewa."

Nikasema nimeelewa. Na kwa kichwa nilikuwa nimeelewa kweli.

Tulitua mara nyingi wiki ile, na kila mara alikuwa akipiga kelele kwenye vidude vya masikioni: miguu, miguu, Mama, miguu yako iko nalala. Asubuhi ya Jumanne nikatua mara nne bila kelele. Upepo mdogo ulikuwa unatoka kushoto. Mara ya tano ilikuwa nzuri kuliko zote, na hapo ndipo palipoharibika. Magurudumu yote matatu yaligusa pamoja, laini kabisa, hata nikadhani bado tuko hewani. Nikasema, "Alhamdulillahi."

Sasa, Mama, wewe ndiye uliyetufundisha. Chombo kikifika salama unamshukuru Mungu, unapitisha viganja usoni kutoka paji mpaka kidevu. Nimefanya hivyo tangu nina miaka minne. Kwenye ndege za gurudumu la mbele nilikuwa nikifanya pia, na hazikuwahi kunidai chochote. Basi nikasema neno, na mikono ikafuata bila kuniuliza. Ikaachia fimbo ya kuongozea ndege, ikapanda usoni. Miguu nayo ikaona shughuli imekwisha, ikapumzika.

Kazi ya mwalimu ni kuwa tayari kwa dakika kama hiyo. Lakini Kapiteni Ilunga ni Mkatoliki mwenye adabu. Hawezi kumsikia mtu anamshukuru Mungu akanyamaza. Akaitikia, "Amina," akaondoa mkono wake akaanza ishara ya msalaba.

Kwa hiyo ndani ya ndege ile mlikuwa na marubani wawili, mikono minne na miguu minne, na hakuna aliyekuwa akiendesha. Tulikuwa bado tunakwenda kasi ya lori kwenye mteremko.

Pua ikaanza kwenda kushoto, polepole kwanza, nami nikiwa bado na viganja kidevuni. Nilipokanyaga pedali ya kulia ilikuwa imeshachelewa, kama alivyosema. Mkia ulikuwa umekwisha amua. Nikaona vitu vikipita mbele ya kioo kwa mpangilio: majani makavu, ghala la zamani la shamba, mlinzi wa kiwanja akiwa na sufuria yake mkononi, kisha vumbi letu wenyewe. Bawa la kulia likainama, likakwaruza ardhi. Sauti yake ilikuwa ya bati linaloburutwa juu ya saruji. Mguu wa gurudumu la kulia ukapinda, tukasimama.

Kapiteni akazima injini. Halafu akamalizia msalaba wake, maana ulikuwa umeishia begani.

"Uko muzima?"

"Mzima. Na wewe?"

"Na miye." Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Tulishukuru mbio, Mama."

Wakati wenyewe sikuogopa. Woga ulikuja nilipokwisha shuka na kuliona bawa limejaa udongo mwekundu. Nikakaa chini pale pale, na mlinzi akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Lakini kuliko woga niliona aibu, Mama. Nilikuwa nimeomba ajali kwa mdomo wangu.

Ajali ya ndege ina karatasi zake. Karatasi yangu ilikuwa na mstari mmoja tu ulionisumbua, ule wa kuandika sababu. Kapiteni alinifuata nikiwa nayo mkononi.

"Andika upepo," akasema. "Upepo ilikuwako, haiko bongo. Na upepo, hakuna muntu anaweza kuifukuza ku kazi."

Bongo kwao ndiyo uongo. Hakuwa akinifundisha ubaya. Alikuwa anafikiria mkataba wangu ambao haujatiwa saini, na pia miezi yake iliyobaki, na sidhani kama alijua mwenyewe ni kipi kilitangulia. Upepo ulikuwapo kweli. Nikiuandika ningekuwa nimesema nusu uongo, na nusu uongo ni mwepesi sana kuubeba. Nilikaa na karatasi ile siku mbili. Siku ya kwanza niliandika upepo kwa penseli. Ya pili nikaufuta, kwa sababu nilijiona mwezi ujao nikiwa na mgonjwa na nesi wake viti vya nyuma, ndege inagusa chini vizuri, na viganja vyangu vinapanda. Wewe hutuambia mficha uchi hazai. Nikaandika kwamba nilimshukuru Mungu kabla ndege haijasimama, nikaachia fimbo na pedali. Habari za ile "Amina" ya Kapiteni sikuandika. Hilo lilikuwa lake.

Mwenye kampuni ni mama mmoja wa Butembo, Madame Kavira. Alianza na lori moja la maharagwe, sasa ana malori na ndege, na bado anavaa kandambili ofisini. Alituita wote wawili. Karatasi yangu ilikuwa mezani, imewekewa kikombe cha chai juu yake.

"Nimesoma hii mara mbili," akasema. "Miye si pilote, niko commerçante, mama wa biashara. Sauda, unielezee sawa vile unaelezea mutoto."

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Hakucheka. Akauliza, "Na Kapiteni alikuwa wapi?"

"Alikuwa pembeni yangu, Madame."

Nikaishia hapo. Kapiteni alikuwa akizungusha kofia yake magotini, na huyo ni mtu ambaye haivui ila kanisani. Angeweza kutikisa kichwa tu, mambo yakaishia kwangu.

"Madame," akasema, "miye nilijibia Amina. Nilikuwa nafanya musalaba. Miguu yangu ilikuwa chini."

"Musalaba ilifika wapi?"

"Ku bega."

Madame akavua miwani akaifuta kwa kanga yake, akachukua muda mrefu kuliko unaohitajika kwa miwani. "Bachauffeur bangu bote banaomba mbele camion itoke," akasema, yaani madereva wake, kabla malori hayajatoka. "Miye mwenyewe ninaomba nabo. Lakini hakuna hata mumoja anafunga macho mu njia. Mungu anajua kungojea."

Hakutufukuza. Alisema ndege itengenezwe, mimi nianze mafunzo tangu mwanzo, na Kapiteni aanze kunifundisha tangu mwanzo, kisha ataleta rubani mwingine kutoka nje kutupima wote wawili. Akisema hatufai, hatufai. Tena akamwambia fundi abandike kikaratasi mbele ya viti: sala kabla ya kuwasha injini na sala baada ya kuizima, katikati hakuna. Kipo hadi leo. Fundi amekiandika kwa wino mwekundu.

Tulipotoka nje nilimuuliza Kapiteni kwa nini amesema. Akaniambia, "Weye uliandika yako, mi nibaki na yangu mu tumbo? Itanioza." Kisha akaomba nimpeleke kwenye chai.

Ndege ilipokuwa kwa fundi tulirudi barabarani, na safari hii hakutaka nitazame tu. Alimsimamisha msukuma makala mmoja, mtu mwembamba wa makamo, akamwomba anipe baiskeli yake hatua mia mbili. Yule bwana alinitazama kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Huyu? Atamwanga makala yangu."

"Akimwanga, mi nitaokota moja-moja," Kapiteni akasema.

Nikaisukuma. Sitakuficha, uzito ule una akili yake. Hatua kumi za kwanza nililia, kwa kweli machozi yalitoka, kwa kuwa nilihisi kwenye viganja jambo lile lile nililolihisi ndegeni, mzigo wa nyuma unavyokutafuta ulegee. Baadaye nikajifunza kuurudisha kabla haujaondoka. Mwenye baiskeli alitembea pembeni, mikono imenyooshwa kama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea, akiniambia, "Bado, bado, bado." Tulipofika aliposema, nikataka kupumua. "Bado!" akapiga kelele. Akaichukua, akaikita kwenye gongo lake la kuegemezea, akaitikisa mara mbili kuona kama imesimama. Ndipo akaiachia. Kisha akapitisha viganja vyake viwili usoni, kutoka paji mpaka kidevu, akaacha michirizi miwili myeusi mashavuni.

Alikuwa anafuta jasho tu. Lakini, Mama, mimi pale nilimwona Baba.

Unakumbuka likizo tulizokuwa tukipanda lori lake kutoka Uvinza, chumvi nyuma, wewe mlangoni na Zuhura mapajani, mimi katikati karibu na gia? Tukiona nyumba za kwanza za Ujiji ulikuwa unasema Alhamdulillahi kwa sauti, nasi tunaitikia, tunapangusa nyuso. Baba alikuwa hasemi kitu. Hata kutugeukia hakugeuka. Na wewe kila mara ulikuwa ukisema, "Baba yenu mgumu wa kushukuru, Mungu anamfikisha na mdomo kaufunga." Ulilisema hata siku ya arobaini yake, kwa upendo, watu wakacheka, nami nikacheka. Miaka yote hii nimeamini kwamba Baba hakuwa mtu wa dini sana.

Sasa nikuambie alichokuwa akifanya, kwa sababu wewe hukukiona. Lori likisimama ulikuwa wa kwanza kushuka, unahangaikia mizigo na kupokea salamu za majirani. Mimi nilibaki katikati, miguu yangu haifiki chini, nikisubiri Baba anishushe. Alikuwa anavuta breki ya mkono. Anazima injini. Anasubiri itulie kabisa. Anachomoa ufunguo, anauweka mfukoni. Halafu, peke yake, midomo inacheza bila sauti, anapitisha viganja usoni kutoka paji mpaka kidevu. Nililiona hilo labda mara mia. Nilidhani anajifuta vumbi.

Baba hakuwa mgumu wa kushukuru, Mama. Alikuwa bado anaendesha. Sisi tulikuwa abiria, na abiria anaweza kushukuru akiona nyumba ya kwanza. Nimesomea kazi ya Baba miaka yote hii, nikaifanya kwa adabu ya kiti cha abiria.

Niliporudi nyumbani siku ile nililia kilio ambacho sikumlilia alipokufa. Mama mwenye nyumba aliniletea bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, akakaa nami mpaka nikala. Sikuweza kumweleza, nikasema ni jino.

Basi ndiyo haya. Ndege imeshatengenezwa, tumeanza tena. Nimetua mara kumi na tisa, kimya, sote wawili midomo imefungwa mpaka propela isimame, halafu yeye na msalaba wake na mimi na viganja vyangu, kila mtu kwa zamu. Rubani wa kutupima anakuja wiki mbili zijazo. Sijui atasemaje. Ninatua vizuri sasa, lakini ya tano nayo ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo nakuomba maulidi yangoje. Najua ni fedheha kuwarudia watu uliowaalika. Waambie ukweli, kwamba mwanao bado hajasimama. Mchele hauozi, uweke juu panya wasiufikie. Na kama mwalimu wa madrasa ameshajitayarisha na hutaki kumwangusha, basi mwache aje siku hiyo hiyo, asome khitma ya Baba. Na wewe ukae karibu, umwombe Baba radhi kwa lile neno. Mimi nimeshamwomba.

Nisalimie Mjomba, kaka yako, na umwambie yale maneno yake kwamba mwanamke hana miguu ya kuendesha nimeyafikiria sana mwaka huu. Nisalimie Shangazi wa Mwandiga, asiache kuniombea, ila aniombee nikiwa bado chini. Nisalimie mke wa kaka na mtoto wake mchanga ambaye sijambeba. Zuhura, wewe nakusalimu kwa kukushukuru sauti yako. Najua umefika hapa unalia, mpe Mama maji na unywe na wewe.

Siku nitakayopimwa nitapiga simu, likiwa jema au baya, injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwangu. Siku hiyo weka spika, Mama. Waite wote saba.

Mwanao, ambaye bado anaendesha,
Sauda